Sufuria ya Papa Bulambo

Tangu nirudi mmekuwa mkinishika shati njiani, kila mmoja anataka habari peke yake, na kila nilipoisimulia ilitoka na urefu tofauti. Basi naiandika mara moja, muikute nyote ikiwa na kimo kimoja. Mambo ya vibali na mihuri nimeyaruka. Sijamwona bado mtu aliyelia wala kucheka kwa sababu ya muhuri.

KARUBA

Wengi wenu mlimjua Papa Bulambo kwa mbali: yule mzee mwembamba wa kiwanda cha pareto, aliyegeuza maua kwenye vichanja vya kukaushia, na ambaye kila asubuhi alipiga chafya tatu kabla ya kuanza kazi, kama mtu anayebisha hodi. Mimi nilikuwa karani pale. Ubao wangu wa majina ulikuwa karibu na vichanja vyake, nami nilimkalia masikioni kwa mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba alikwenda vita ile ya kwanza, ile ya Tabora, na mnajua nimekuwa nikitafuta shujaa wa kitabu changu.

Shujaa alikataa kuwa shujaa.

"Papa, huko Tabora ulikuwa na kazi gani?"

"Mpishi."

"Haukupiga hata risasi moja?"

"Ningepiga na nini, mutoto wangu? Na mwiko?"

Ushahidi wake wa vita ulikuwa sufuria. Aliibeba kichwani kwenda na kurudi, kubwa, nyeusi, na kishimo kimoja pembeni alichokiziba kwa msumari. Nilitumaini kishimo kile ni cha risasi. Kilikuwa cha kutu. Wenzake kiwandani walimpenda na kumcheka, hasa kwa sababu ya jogoo wa msimamizi wetu, kapita. Jogoo yule alitembea uani kama mwenye kiwanda, na Papa Bulambo, aliyekwenda Tabora na kurudi, alizunguka jengo zima ili wasikutane.

Alipougua, aliniita.

"Unipeleke kwetu, kule Walikale. Si lazima mwili muzima. Nywele na kucha inatosha. Munitie karibu na mama."

"Na kwa nini haukurudi mwenyewe miaka yote hii?"

"Nilirudi mara kamoja. Nilifika mpaka ku kijito. Batu wa kwetu walikuwa na kilio, chakula iko ku moto. Nikawapa chumvi yangu yote mu kofia, ile yetu nyekundu ya jeshi, nikageuka. Sikutaka kuwaharibia."

"Kilio ya nani?"

Alifumba macho. "Ya muntu wa kwetu."

Nilidhani ni homa. Niliyaandika maneno yale pembeni mwa daftari, kwa herufi ndogo, kwa sababu hayakufaa kitu katika sura ya vita. Nikamwahidi nitampeleka. Siku ya tatu akafariki, bila chafya hata moja.

Tulimzika mlimani, lakini kapita alisema wazi: kilio hakitafungwa mpaka nirudi na neno kutoka kwao. "Hatutanyoa nywele, hatutacheka kwa sauti. Basi usikawie, karani. Hawa ni batu wa kucheka." Nywele na kucha tukazitia ndani ya kopo la sukari, kopo ndani ya sufuria, kifuniko kikafungwa kwa kamba ya magunia, na sufuria ikapanda nyuma ya baiskeli yangu.

BIHAMBWE

Asubuhi ile vilima vilikuwa vimevaa ukungu mpaka shingoni, na ng'ombe walionekana vichwa tu, kama wanaogelea. Niliwaza maneno mazuri sana njia nzima. Kisha mnyororo ulikatika, nikawaza maneno mengine.

Nilifika Bihambwe nikiisukuma baiskeli, mvua ikinipiga, nikapokewa na mama mmoja mwenye nyumba ya karibu na barabara. Alinipa kigoda jikoni, akatazama sufuria, akafurahi. Kwetu mnajua: mgeni anayekuja na sufuria iliyofungwa amekuja na kitu. Nilipotoka kutafuta kipande cha waya cha kufungia mnyororo, yeye akafungua kamba. Niliporudi, chai ilikuwa tayari na kijiko kilikuwa kinaelekea ndani ya kopo la sukari.

"Mama, acha! Huyo ni muntu!"

Aliangalia kijiko. Akaangalia kopo.

"Muntu gani anaingia mu kopo ya sukari?"

Nilimweleza. Kijiko kilianguka. Watu wa nyumba wakasimama wote ukutani, na mume wake akasema kwa sauti ndogo kwamba mvua imepungua, kaka anaweza kuendelea na safari. Mvua ilikuwa inabomoa mlima.

Hapo njo nilikosea. Niliona kwamba marehemu wa kawaida hatalala mle ndani wala mimi sitalala, basi nikampandisha cheo. Nikasema hizi si nywele za mtu yeyote. Huyu alikuwa soda, askari mkubwa wa Tabora, aliyeingia ngome ya Wajerumani peke yake, alfajiri, akatoka na bendera yao. Nilieleza rangi ya alfajiri ile. Kishimo cha sufuria nikakionyesha kwa kidole.

"Risasi?" akauliza mume.

Sikusema ndiyo. Nilinyamaza kwa namna ya ndiyo.

Mambo yakabadilika. Sufuria ikapewa kiti cha pekee cha nyumba, chenye mgongo, na kitambaa kilichofumwa juu yake. Mbele yake ikawekwa sahani ya maharagi na viazi, na kuku akachinjwa kwa heshima yake. Mimi nilikaa chini kwenye majani pamoja na mbuzi, nikamlia marehemu sehemu yake ya kuku baada ya kila mtu kuridhika kwamba haitaki. Majirani walikuja kumwamkia. "Jambo, Komanda," walisema kwa sufuria. Hakuna aliyeniambia jambo.

MASISI, SIKU YA KUPANDA

Toka Masisi kwenda chini msituni barabara ilikuwa nyembamba, ya gari moja, na kulikuwa na kizuizi: mti uliolala juu ya njia, kibanda, na mlinzi mwenye kofia iliyompita kichwa. Siku moja magari hupanda, siku inayofuata hushuka. Nilifika siku ya kupanda.

"Lakini miye si gari, Papa. Niko na baiskeli."

Alizunguka baiskeli yangu mara mbili. "Gari iko na magurudumu ngapi?"

"Ine."

"Na hii?"

"Mbili."

"Basi ni nusu ya gari. Ungoje kesho."

Kesho yake ilinyesha, na siku ya mvua hakuna anayeshuka. Siku iliyofuata ikawa tena siku ya kupanda, nayo ilikuwa kavu kabisa. Gari lililopanda nililiona moja tu, la magogo, na lilipanda kinyumenyume kwa sababu gia za mbele zilikufa. Mlinzi hakukubali kwamba gari linaloangalia chini linapanda. Walibishana mpaka adhuhuri, dereva akionyesha magurudumu, mlinzi akionyesha taa.

Wakati huo wote watu wa miguu walipita chini ya mti bila kuulizwa: akina mama na mizigo ya chumvi na maharagi, wakishuka kwenda kubadilishana na mawese na samaki wa moshi wa msituni. Kila mmoja alipumzika kwenye kibanda, akauliza juu ya sufuria, na mimi, kwa uchovu na kwa sababu msikilizaji mpya ni kishawishi kibaya kwangu, nilisimulia. Siku ya kwanza Papa Bulambo aliteka mzinga mmoja. Siku ya tatu aliteka miwili, akavuka nao mto unaofurika. Walipiga makofi, wakajitwika mizigo yao, wakashuka na mizinga yangu.

Mwishowe nilimwuliza mlinzi: "Na nikiibeba hii baiskeli mabegani?"

Akafikiri. "Ukiibeba ni muzigo. Muzigo hauna siku."

Nikaiinua, nikapita chini ya mti nikiwa na nusu ya gari shingoni na mtu mzima kichwani.

"Karani," aliniita nyuma yangu, kwa huruma ya kweli, "ilikuchukua siku tatu kuwaza hiyo?"

KUSHUKA MSITUNI

Sijui kuueleza msitu ule bila kupiga kelele, basi nitausema kwa kunong'ona. Vilima vinakwisha. Hewa inakuwa nzito na yenye joto kama pumzi ya mtu anayelala karibu nawe. Miti inasimama mirefu kiasi kwamba mvua ya asubuhi inafika chini saa nane. Nililala kwa wawindaji, nikala samaki wa moshi na sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa na mawese, nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza nilimfikiria Papa Bulambo mwenyewe, kijana anayepanda njia ile na sufuria kichwani, akienda kwenye vita ambavyo hakuna aliyemweleza ni vya nini.

Lakini kila nilipofika, habari ilikuwa imenitangulia. "Wewe njo uko na ule komanda wa mizinga mitatu?" waliniuliza.

"Miwili," nilisema. Nilikuwa tayari nasahihisha uongo wangu mwenyewe, tena kwa unyenyekevu.

NG'AMBO YA KIJITO

Kijiji cha kwao kiko nyuma ya kijito cha maji meusi. Kabla ya kufika nyumbani kuna shamba la migomba, lenye majani mapana na mikungu mizito, iliyoiva mpaka inapasuka. Nyani walikuwa wanakula bila haraka. Mtu hata mmoja hakuwafukuza.

Watu walinisubiri wamesimama. Mbele alikuwa bibi mdogo wa mwili, mgongo umenyooka, mikono imekunjwa: Mama Bindu, dada yake. Kando yake mwanaume mnene wa makamo.

Niliweka sufuria chini kwa taratibu zote. "Mama, nimewaletea Papa Bulambo."

"Bulambo ni miye," akasema yule mnene.

Nilidhani ananitania. Hapana. Mama Bindu akanieleza kama mtu anayemweleza mpumbavu. Bulambo alikwenda vita, miaka ikapita, askari wengine wakarudi, wakasema amekufa Tabora. Na mtu asiyerudi hawezi kuachwa hivi hivi, lazima alale mahali. Basi walikata mgomba, wakaufunga kwa mkeka kama mwili, wakaulilia siku zake zote, wakauzika karibu na mama yake. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule akapewa jina, na huyo ndiye aliyesimama mbele yangu, mpwa wake. Ila aliyeukata mgomba aliukata kwa haraka, pamoja na kitako chake. Kaburi likachipuka. Shamba lile lote nililopita lilikuwa Bulambo.

"Na ndizi?" nikauliza.

"Utakula kaka yako?" akaniuliza Mama Bindu.

Miaka karibu arobaini hawakugusa hata ndizi moja. Nyani, ambao hawakuwa ndugu, walinenepa.

"Mama, aliyekufa sasa njo yeye mwenyewe. Aliishi Karuba, ku kiwanda."

"Tulisikia habari zake," alisema. "Mizinga mitatu."

"Miwili..."

"Ngome, bendera, mto. Baba, usikasirike. Huyo soda wenu ni muntu mukubwa, mumupeleke kwa batu wake wamulilie. Bulambo wetu alikuwa anakimbia jogoo."

Watu wakacheka, na mimi nikaona ahadi yangu inazama mbele ya macho yangu, na aliyeizamisha ni mimi. Kama ningemleta jinsi alivyokuwa, wangemtambua kijitoni. Nilikuwa nimempamba mpaka mama mmoja asimjue kaka yake.

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikafungua kamba ya sufuria, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

"Nilidanganya," nilisema. "Hakuna mzinga. Alikuwa mpishi. Hii sufuria aliibeba kichwani mpaka Tabora, na hiki kishimo ni kutu. Kule Karuba aligeuza maua ya pareto, akapiga chafya tatu kila asubuhi. Kapita wetu ana jogoo. Papa Bulambo alizunguka kiwanda kizima asikutane naye, hata mvua ikinyesha, hata akiwa amebeba vichanja."

Kicheko cha sasa kilikuwa kingine. Bibi mmoja nyuma akasema, "Yee, njo yeye!" Lakini Bulambo mnene hakucheka. Jina lake lilikuwa hatarini.

"Batu wengi wanaogopa jogoo," alisema. "Na kama aliishi, mbona hakurudi? Karuba si mwezini."

Nilitoa daftari. Niliyatafuta yale maandishi madogo ya pembeni. Nikasoma: alirudi mara moja. Alifika kwenye kijito. Watu walikuwa na kilio, chakula kiko motoni. Akawapa chumvi yake yote, akageuka, hakutaka kuwaharibia.

Nilipofika neno la mwisho nililielewa, palepale, kwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimelibeba kutoka Karuba bila kulifungua.

Mama Bindu alikuwa ameacha kukunja mikono. "Hiyo chumvi. Ilikuwa ndani ya nini?"

"Mu kofia, Mama. Nyekundu. Ya jeshi."

Aligeuka, akaingia nyumbani kwake. Tukasikia kuku anagombana na mtu. Akatoka na kuku kwapani na kofia mkononi, ya duara, isiyo na ukingo, iliyofifia mpaka rangi ya tofali, na majani makavu ndani yake na yai moja. Kuku yule alikuwa anataga humo, na kabla yake mama yake, na bibi yake.

"Mjomba wetu aliileta siku ile ya kilio," alisema, akimwambia mpwa wake, si mimi. "Alikwenda kuteka maji. Akasema kuna soda mmoja anapita na sufuria, ameuliza ni nani amekufa. Mjomba, unajua macho yake ilikuwa mabovu. Akamujibu: ni Bulambo, mutoto wetu, alikufa Tabora. Ule soda akatua sufuria. Akasema: poleni sana. Akatoa kofia na chumvi." Aliitazama kofia mkononi mwake. "Wakati ule chumvi haikuwa inapatikana. Kila muntu alisifu ule mchuzi. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, wageni wametoka mbali. Njo maana aligeuka. Bulambo! Hata kufa alitupisha kwanza!"

Ndipo akalia. Akalia kwa hasira, akimgombeza kopo la sukari: miaka yote hii, mpumbavu we, tungechinja mbuzi mwingine, tungewaambia wageni warudi kwao, nani alikuambia sisi tunataka chumvi? Kopo halikujibu. Bulambo mnene alichutama kando yake.

"Na jina, mama mudogo? Nirudishe?"

"Ukae nalo. Yeye hana kazi nalo tena."

Tulimzika jioni ile ile kabla jua halijaingia, karibu na mama yake. Mama Bindu hakutaka kopo. Nywele na kucha zikatiwa ndani ya kofia, yai likatolewa, na kuku aliyepokonywa kiota chake alitufuata mpaka kaburini akilaumu njia nzima. Tulipomaliza kufukia, kuku alipanda juu ya udongo mpya, akapekua, akakaa. Tulimtazama. Wote tuliwaza jambo moja, jogoo, kisha Bulambo mnene alianza kucheka, na kilio kikafungwa hapo, watu wakishikana mabega wasianguke.

Asubuhi waliwafukuza nyani. Nyani walishangaa sana, hawakuwahi kuona watu wana habari na ndizi. Mkungu wa kwanza uliangushwa, ukagawanywa kwa kila mlango, nami nikala Papa Bulambo wa uongo, akiwa mtamu kupita kiasi.

KURUDI KARUBA

Sufuria nilitaka kuiacha. Mama Bindu alikataa. "Hii ilipikia batu. Haiwezi kulala mu udongo." Akaweka ndani yake kifurushi cha majani kilichofungwa imara. "Kule wako na kilio?"

"Wananingoja."

"Basi uwape. Uwaambie: poleni sana."

Kwenye kizuizi nilikuta siku ya kushuka. Nilibeba baiskeli mabegani kabla ya kuulizwa. "Unaanza kusoma," alisema mlinzi.

Bihambwe nilipita mchana. Yule mama alikuja mbio barabarani, akaamkia sufuria, akauliza kama Komanda alifika salama. Nilimwambia kweli yote, mpaka kutu. Alifikiri kuhusu kuku wake.

"Mpishi?"

"Mpishi, Mama."

"Basi angesema," alijibu. "Ile maharagi siku ile niliiunguza."

Karuba walinipokea na nywele ndefu na nyuso za watu waliobana kicheko kwa juma zima na zaidi. Kapita mwenyewe alichemsha maharagi ndani ya sufuria ile, uani, mbele ya vichanja. Nilifungua kifurushi. Ilikuwa chumvi, nyingi kuliko inavyofaa kumpa mgeni. Nikawaambia ni ya nani na imetoka wapi, na neno lililokuja nayo. Kapita aliitia yote, akakoroga, akaonja, uso ukamkunjamana, akameza.

Tulikula na kunywa maji, tukala na kunywa maji. Jogoo alipita katikati yetu, na bila kupatana tukamwachia njia pana.

"Haya, karani," alisema kapita. "Sasa tusimulie ule muzee. Kutoka mwanzo."

Nilifunga daftari.

"Alikuwa mpishi," nilisema.

"Iyo tunajua," alisema kapita, akisogeza kigoda chake karibu. "Endelea."